Mashine ya Mashua Inayokataa Kuwaka

Tumeombwa tuseme habari za mashine ndogo inayofungwa nyuma ya mashua, pale inapokataa kuwaka. Twachukua mfano wa Seagull ya Uingereza, ambayo haikuundwa tena baada ya mwaka 1996. Lakini mashine nyingi za zamani zaugua maradhi yale yale.

Siku moja sisi wenyewe tulizimikiwa karibu na mwamba, na upepo ukitusukuma huko huko. Hatukutia nanga. Tulishika bisibisi tukafungua kabureta, na skrubu moja ikatumbukia majini. Wavuvi wa ngalawa ndio waliotuvuta hata ufukoni. Kesho yake, tulipopata skrubu nyingine, tuliona kuwa plagi ilikuwa imejaa masizi, wala hapakuwa na kosa jingine. Basi nanga kwanza, kisha plagi.

Yafaa mjue kwamba mashine hii haina betri. Gurudumu zito la juu lina sumaku ndani yake, nazo zikipita mbele ya koili huzaa umeme. Chini ya gurudumu mna pointi mbili ndogo. Zinapoachana, umeme mkali hukimbilia plagi, ukaruka kwa cheche na kuwasha petroli. Kwa hiyo mtu avutaye kamba polepole hapati cheche hata mashine iwe nzima.

Ifungueni plagi muitazame. Ikiwa kavu kabisa, huenda petroli haifiki; tazameni bomba na tangi kabla ya kuulaumu umeme. Ikiwa imelowa, ikausheni, ondoeni masizi, na nafasi ya ncha zake iwe nusu milimita. Kisha fungeni petroli, futeni iliyomwagika, rudisheni waya juu ya plagi, na kuilaza juu ya chuma cha mashine, mbali na tundu lake, maana mvuke utokao humo hushika moto. Msishike waya kwa mkono, kwani umeme wake humtikisa mtu vibaya. Mmoja avute kamba kwa nguvu, mwingine atazame kivulini. Cheche ya buluu ni njema. Ya rangi ya manjano, iliyo dhaifu, haitoshi.

Isipoonekana, jaribuni plagi nyingine. Kila mwenye mashua awe nayo mfukoni. Bado? Chunguzeni waya: ngozi yake ikipasuka, maji ya chumvi huupoteza umeme njiani. Na kama mashine ina swichi ya kuzimia, utengeni waya wake mjaribu tena.

Hayo yakishindikana ndipo gurudumu liondolewe, nchi kavu, kwa chombo chake cha kuvutia. Tumeona watu wakiligonga kwa nyundo, wakaliharibu kwa kosa ambalo halikuwamo ndani yake. Mashine iliyokaa miezi mingi bila kazi hufanya ukungu juu ya pointi. Zisugueni kidogo kwa msasa laini, mkazifute kwa karatasi safi isiyo na mafuta. Zikifunguka kabisa, nafasi yake katika Seagull ni nusu milimita vile vile. Zikiwa zimeungua na kuchimbika, shakeni kondensa. Mashine iwakayo ikiwa baridi, ikazimika ikipata moto, na kukataa mpaka ipoe, mara nyingi koili yake imechoka, au kondensa. Hapo hakuna dawa ila kubadili.

Lipo tena kosa moja linalodanganya hata mafundi: cheche ni nzuri, petroli yafika, na bado mashine hairidhiki, bali huirudisha kamba kwa ghafula mkononi. Tazameni kipande kidogo cha chuma kinachofunga gurudumu na mhimili wake. Kikikatika, gurudumu huhama kidogo, na cheche huja wakati usio wake.