KIRUSI TUJIFUNZE, LAKINI KARATASI TUISOME WENYEWE
(Maneno yaliyosemwa Uvira mbele ya wafanyakazi wa machimbo na watu wa mji)



Wengi wametuuliza: mtu mzima mwenye watoto, mikono migumu kwa nyundo na koleo, ataweza kujifunza Kirusi? Tunajibu: ataweza. Tena tunaongeza: akitaka kwenda kule, ajifunze kabla ya kutia mkono juu ya karatasi yo yote.

Tarehe 5 Februari 1960 serikali ya Kisovieti iliunda mjini Moscow Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Ndugu yetu Patrice Lumumba aliuawa huko Katanga tarehe 17 Januari 1961, na mwezi uliofuata chuo kikapewa jina lake. Jina hilo liliondolewa mwaka 1992, likarudishwa mwaka 2023. Desturi ya huko ni hii: mgeni asiyejua Kirusi husoma lugha mwaka mzima kwanza, ndipo aingie katika udaktari au uinjinia.

Na sisi wa Uvira hatuanzi mikono mitupu. Mtu wa hapa husema Kivira au Kifuliru nyumbani, Kiswahili sokoni, Kirundi akivuka kwenda Bujumbura, Kifaransa ofisini. Kichwa chenye lugha nne hakishindwi na ya tano.

Basi mwalimu aanze na vitu tunavyovijua. Mama kwa Kirusi ni mama. Chai ni chai. Halafu aandike ubaoni jina la mji wetu: УВИРА. Herufi zao ni 33. A, K, M, O na T tunazifahamu. Lakini tujihadhari: ile inayofanana na P husomwa R, inayofanana na H husomwa N, inayofanana na C husomwa S, inayofanana na B husomwa V.

Hata sarufi yao si ngeni kabisa. Sisi twasema nyumba mpya, kitabu kipya, neno jipya. Mrusi asema novyi dom, novaya kniga, novoye slovo. Kwetu neno hugeuka kichwani, kwao hugeuka mkiani. Kazi ni moja.

Pagumu ni sauti. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kirusi hukaza po pote, na ile o isiyokazwa husikika kama a: Moskva hutamkwa Maskva. Kwa hiyo tusikilize kwanza, kisha turudie kwa sauti kubwa. Mtu mzima hashindwi kwa akili. Hushindwa kwa haya ya kuchekwa na watoto.

Wandugu, kwa nini tunasema haya kwa nguvu? Miaka ya 1880 Stanley na watumishi wa Mfalme Leopold walipita kwenye mto Kongo, wakawafanya wakubwa wa vijiji watie alama ya msalaba chini ya karatasi za lugha ngeni. Wale wazee hawakujua kwamba wanaandikiwa kuitoa nchi. Watoto wao wakalipa kwa mpira na kwa damu.

Na mwaka 2025 tulisikia habari za Wakenya waliokwenda Urusi kwa tumaini jingine. Walisema walitia sahihi karatasi za Kirusi wasizozifahamu, na mwisho wake wakajikuta vitani Ukraine. Zaidi ya miaka mia imepita, na mtego ni ule ule.

Hatusemi mtu asiende. Urusi ina elimu, na elimu si dhambi. Tunasema darasa la watu wazima lisiishie kwenye salamu na nyimbo. Baada ya mama na chai, mwalimu afundishe maneno ya kontra. Dogovor ni mapatano. Rabota ni kazi. Sluzhba ni utumishi, na voyennaya sluzhba ni uaskari. Mwanafunzi ayasome, ayaandike, ayatambue hata yakiwa yamefichwa katikati ya ukurasa.

Asiyeyajua bado, asitie mkono. Achukue karatasi, aende kwa anayejua, asomewe mbele ya ndugu zake. Anayekukataza kufanya hivyo amekwisha kukuonyesha nia yake.

Uhuru tuliutafuta ili mtu mwingine asitusemee. Basi mtu mwingine asitusomee pia.