MKULIMA WA MIRITINI NA HABARI ZA MVUA



Katika mwezi wa Agosti 2023 wataalamu wa hali ya hewa walitangaza kwamba mvua za vuli za mwaka ule zingezidi kadiri. Mapema mwezi wa Oktoba neno likageuzwa, watu wakaambiwa kwamba El Nino haitakuja. Wako waliofurahi, wakaacha kuzibua mitaro. Mwezi wa Novemba maji yakafurika pwani na bara, na katika Kenya nzima watu zaidi ya 100 wakafa.

Hata hivyo si haki kuwaita wataalamu waongo. Habari ya mvua si ahadi, ni hesabu. Wakisema kwamba mvua nyingi ina nafasi 60 katika 100, zimebaki nafasi 40 za upande wa pili, na mkulima mwenye busara huziwekea akiba hizo nazo.

Mkulima wa Miritini ana shida yake mwenyewe. Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23. Kilifi na Kwale zimo, Mombasa haimo. Lakini jua liwakalo Mazeras halijui mpaka wa kaunti. Basi yampasa aulizie taarifa za majirani, pamoja na utabiri ambao Idara ya Hali ya Hewa huutoa kabla ya masika na kabla ya vuli.

Kusikia tu hakutoshi. Shauri likatwe kabla ya Machi, si wakati mahindi yamekwisha nyauka. Asimwage mbegu zote kwa mvua ya kwanza, kwa kuwa yaweza kunyesha siku tatu ikakatika; sehemu moja na ibaki ndani, mahali pakavu. (Mbegu hupanda bei juma lile lile ambalo kila mtu anaitafuta.) Muhogo hustahimili ukame, lakini huoza ukisimama majini, kwa hiyo haufai kupandwa bondeni. Kunde hukomaa upesi. Mitaro izibuliwe Septemba.

Mwenye mbuzi afikiri mapema zaidi. Akiuza wawili wangali wanene, atapata fedha ya kuwanunulia malisho waliobaki. Akingoja hata mbavu zihesabike, mnunuzi wa Mariakani atampa bei ya ngozi.