Majeruhi Hamngoji Bingwa



Tarehe 24 Februari, 2024, pale Ngaramtoni, lori liligonga magari matatu. Watu 25 walikufa. Majeruhi wakakimbizwa Mount Meru na hospitali nyingine za hapa mjini. Siku kama ile anayempokea majeruhi kwanza si bingwa. Ni tabibu wa zamu na muuguzi wake.

Je, wamefundishwa kazi hiyo? Yapo mambo yasiyongoja: kufungua njia ya hewa, kuizuia damu, kujua nani atangulie kutibiwa (maana mpiga kelele mara nyingi siye aliye hatarini zaidi). Dakika chache zikipita, bingwa hukuta maiti.

Hatusemi kwamba nchi imelala. Mwaka 1961 tulipata Uhuru tukiwa na madaktari wazalendo 12 tu. Mwaka 2010 Muhimbili ilifungua idara ya dharura, na mwaka ule ule mafunzo ya mabingwa wa kazi hiyo yakaanza. Ni sifa yetu sote. Shirika la Afya Duniani nalo limetunga kozi ya siku 5 kwa matabibu na wauguzi, na Tanzania ni moja ya nchi ilikojaribiwa.

Siku 5, ndugu zangu! Udhuru uko wapi? Twataka kozi hiyo imfikie kila tabibu na muuguzi wa zamu, toka Usa River hata Longido, na wa zamu ya usiku wasisahauliwe. Azimio hili tutalipeleka mkoani. Wanaokubali, wanyoshe mikono.