Kiharusi Hakingoji Asubuhi



Katika mtaa wa Mbugangari, mjini Gisenyi, kama popote penye wasemaji wa Kiswahili, lipo gonjwa ambalo watu hulitaja kwa sauti ya chini. Mtu yu katikati ya mazungumzo, mara mdomo unakwenda upande, mkono unalegea, maneno hayatoki. Wako watakaosema ni upepo mbaya, na wako watakaomshuku jirani. Mgonjwa hulazwa ndani, hukandwa kwa mafuta, na jamaa hungoja kupambazuke. Kungoja huko ndiko kunakoua.

Kiharusi ni ugonjwa wa mishipa ya damu ya ubongo. Huja kwa njia mbili. Ama mshipa huziba kwa donge la damu, na sehemu ya ubongo ikakosa chakula chake. Ama mshipa hupasuka, na damu ikavuja ndani ya kichwa. Kwa macho, wagonjwa hawa wawili hufanana. Lakini dawa ya kuyeyusha donge, inayomwokoa wa kwanza, yaweza kumuua wa pili.

Kwa miaka mingi daktari hakuwa na njia nyepesi ya kuwatenganisha. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield ilipiga kwa mara ya kwanza picha ya ubongo wa mgonjwa aliye hai. Mashine hiyo, tunayoiita skana, hupitisha miale ya eksirei kutoka pande nyingi, na kompyuta hupanga picha vipande vipande. Damu iliyovuja huonekana nyeupe. Bara letu nalo lina fungu katika kazi hiyo, kwani hesabu zake zilianza kutafutwa mjini Cape Town na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Mwaka 1979 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel.

Hata hivyo, mashine haiwezi kumpiga picha mtu aliyefichwa nyumbani. Hilo walilitambua watafiti waliofanya kazi Tanzania kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006, wakiwemo Richard Walker wa Uingereza na madaktari wa Tanzania, Ferdinand Mugusi na Mark Swai. Hawakukaa hospitalini kungoja wagonjwa. Waliwatafuta majumbani, katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, na katika mitaa ya Dar es Salaam. Kwa waliokufa kabla ya kuonwa, jamaa waliulizwa jinsi kifo kilivyotokea. Watu 636 walipatikana na kiharusi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilikuwa na 316, karibu mara tatu. Uchunguzi uliofuata ulitaja shinikizo la damu, sigara na virusi vya UKIMWI miongoni mwa visababishi. Upepo haukuwamo katika orodha hiyo.

Hesabu hizo zinatuhusu sisi wa Gisenyi, mji wa mpakani unaokua, wenye watu wa kukaa dukani mchana kutwa na kula chumvi bila kipimo. Shinikizo la damu haliumi. Mtu hulibeba miaka mingi akijiona mzima, hali kupimwa ni kazi ya dakika chache katika kituo cha afya.

Na siku ugonjwa ukishaingia, saa ndiyo inayoamua. Imekadiriwa kwamba mshipa mkubwa ukiziba, seli za ubongo zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya picha kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Skana haiko katika kila hospitali, na kutoka hapa hadi Kigali ni kilomita zipatazo 150 za milima. Saa moja iliyopotezwa sebuleni hairudishwi na dereva yeyote.

Basi mtazameni mgonjwa. Mwambieni atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi moja. Mdomo ukipinda, mkono ukishuka au ulimi ukikwama, pigeni simu 912 papo hapo. Dua ni haki ya mgonjwa, na yaweza kusomwa njiani, gari likiwa linakwenda.