Jiko la Mkaa Chumbani: Usalama wa Nyumba na Haki ya Wanaolala Humo



Tumeombwa kuzungumza juu ya hewa tunayovuta majumbani mwetu. Huenda baadhi yenu mnajiuliza jambo hilo lahusiana vipi na haki. Tutafika huko, kwanza tuelewane juu ya hatari yenyewe.

Ifikapo Juni, baridi ya Makete, Njombe na Mbeya huwasukuma watu kuingiza jiko la mkaa chumbani. Chakula kimekwisha kupikwa, mkaa umekolea, moshi hauonekani tena. Hapo ndipo wengi hudhani kuwa jiko limekuwa salama. Sivyo hata kidogo. Mkaa mwekundu usio na moshi huendelea kutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, harufu wala ladha. Moshi, pamoja na maudhi yake yote, humkohoza mtu hata akatoka nje. Gesi hii haimwonyi yeyote.

Ikiingia mapafuni, hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, nayo hukalia nafasi ya oksijeni. Mtu huendelea kuvuta pumzi, lakini ubongo na moyo wake vina njaa ya hewa. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hulegea na kutapika. Aliyelala aweza kufa bila kuamka. Mtoto aliye tumboni yumo hatarini zaidi, na aweza kudhurika hata kama mama yake amepona.

Dalili hizo hufanana mno na za malaria, na wengi humeza dawa kisha wakarudi kulala katika chumba kile kile. Yafaa kuuliza: je, waliomo wote wameugua kwa pamoja? Wakitoka nje, hupata nafuu? Ikiwa ndivyo, jiko litolewe, milango ifunguliwe, mgonjwa apelekwe haraka penye oksijeni, na mganga aambiwe waziwazi kwamba palikuwa na mkaa. Maziwa hayaiondoi gesi hii katika damu. Wala beseni la maji kando ya jiko, ambalo wengi huliamini, halifai kitu, kwa kuwa gesi hii haiyeyuki majini ila kidogo sana.

Sasa tuje kwenye haki. Ni nani hasa alalaye na jiko? Ni mpangaji wa chumba kimoja, ambaye dirisha lake limezibwa kwa maboksi tangu kioo kilipovunjika. Ni mlinzi wa usiku kibandani mwake. Ni binti wa kazi aliyetandikiwa mkeka jikoni. Kuwakataza hawa jiko bila kuwapatia blanketi ni kuwaachia wachague kati ya baridi na kifo. Mwajiri anayemlaza mtu kwake ana wajibu wa kumpatia mahali pa kulala penye joto na hewa safi. Na mwenye nyumba apokeaye kodi kila mwezi hawezi kusema kwamba matundu ya hewa si kazi yake. Wenye jenereta nao tunawakumbusha kuwa moshi wake una gesi hiyo hiyo: iwekwe nje, mbali na madirisha, si kwenye korido.

Liko na jambo jingine, nalo latusumbua zaidi. Watu wa nyumba moja wakikutwa wamekufa, mlango umefungwa kwa ndani, bila jeraha, uvumi huanza kabla ya mazishi. Hutafutwa mchawi, au jirani aliyetia sumu, na mara nyingi kidole huelekezwa kwa mjane asiye na wa kumtetea. Viongozi, ninyi ndio mnaofika msibani mapema. Kabla jina la mtu yeyote halijatajwa, ulizeni jiko lilikuwa wapi usiku ule. Hakikisheni polisi na daktari wameitwa, kwani kipimo cha damu huweza kuionyesha gesi hii hata kwa marehemu.

Katika mikutano ya jumuiya ya mwezi Mei, kabla baridi haijakolea, tunaomba kila kiongozi apite nyumba kwa nyumba kutazama madirisha ya vyumba vya kulala, na aandike ni nani hana blanketi.