Msandali na Kakakuona

Ndugu mkulima wa Dodoma, leo tutazame viumbe wawili wa nyika yetu walio hatarini. Msandali haukatwi, hung'olewa na mizizi, maana mafuta yamo humo pia. Basi hakuna kisiki cha kuchipua. Tena kuna mti dume na mti jike: wakiisha majike, mbegu hakuna. Kakakuona naye, mla mchwa, huzaa mtoto mmoja tu. Akiogopa hujiviringa, simba hushindwa, lakini mtu humtia guniani. Biashara ya nje ya msandali iliwekewa masharti mwaka 2013; ya kakakuona ikapigwa marufuku 2017.

Mimi nauhofia zaidi msandali. Kakakuona akionekana, watu hukusanyika, wazee wakamwekea maji na nafaka atabiri mwaka. Vijiua vya msandali nani huviangalia? Ukifyeka shamba, uache pamoja na miti jirani, kwani mizizi yake hunyonya kwenye mizizi ya wenzake.