Mchezaji wa Shule na Mlango wa Mpira wa Kulipwa: Hali ya Kasongo na Kabambare



Nimeombwa nizungumzie katika semina hii nafasi waliyo nayo vijana wetu wa sekondari na vyuo ya kuingia katika mpira wa kulipwa. Niseme mapema ninachoamini, ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia: kinachomfunga kijana wa Kasongo au wa Kabambare ni kukosa maandishi kuliko kukosa kipaji. Anacheza miaka sita, saba, uwanja mzima unamshangilia, na siku klabu ya mbali inapouliza habari zake hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba alikuwepo.

Nianze mbali kidogo. Wamarekani wana utaratibu wanaouita drafti, ulioanza mwaka 1936 katika futiboli yao, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili. Siku hizi klabu 32 za ligi kuu huchagua wachezaji kutoka vyuo vikuu kwa zamu, raundi 7, na klabu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo hutangulia kuchagua. Kabla ya siku hiyo vijana mia kadhaa huitwa Indianapolis. Hupimwa kimo, uzito, urefu wa mikono, na mbio za yadi 40, yaani mita 36 na nusu hivi. Kila mechi waliyocheza chuoni imerekodiwa kwa video na klabu zimeitazama. Mchezaji lazima awe amemaliza sekondari angalau miaka mitatu nyuma. Pamoja na maandalizi yote hayo, hesabu za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zinaonyesha kwamba kati ya wachezaji 100 wanaostahili kuchaguliwa hawafiki hata wawili wanaochukuliwa.

Mkongomani mmoja alipita mlango huo na akapita vizuri. Tim Biakabutuka alizaliwa Kinshasa mwaka 1974, akakulia Kanada, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Michigan. Novemba 1995, dhidi ya mahasimu wao wa Ohio State, alikimbia na mpira yadi 313 katika mechi moja. Miezi michache baadaye Carolina Panthers walimchukua akiwa wa 8 kati ya wachezaji wote wa mwaka huo. Majeraha yalimkatia safari. Baada ya 2001 hakucheza tena.

Katika mpira wa kikapu tunao wengi zaidi, lakini nitamtaja mmoja ambaye habari yake inatufaa hapa. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, alitangazwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka 2022 akiwa Kentucky. Mwaka uliofuata drafti ya NBA, ligi kuu yao ya kikapu, ikasomwa kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho, na jina lake halikuwamo. Ilimbidi aingie kwa mlango wa pembeni, kwa mkataba mdogo na Indiana Pacers. Wapimaji walisema ni mfupi kwa nafasi anayocheza. Wazazi mnaonisikiliza, naomba mlitafakari hilo: mchezaji bora wa vyuo vyote vya nchi kubwa kama ile, na bado hakuitwa.

Tena angalieni walipoonekana vijana hawa. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma, akachukuliwa na Golden State Warriors wa 7 mwaka 2021, lakini aliondoka nyumbani bado mtoto na macho ya klabu yalimkuta hukohuko Marekani. Biakabutuka vilevile. Hakuna aliyekuja kuwaokota hapa. Walionekana kwa sababu walifika mahali ambapo kila mbio na kila pointi huandikwa.

Sisi hatuna drafti katika kandanda. Tuna ngazi. Kijana anatoka timu ya shule, anaingia klabu ya mtaa, klabu inacheza katika antanti, antanti iko chini ya ligi ya mkoa, na juu ya hapo kuna Linafoot, ligi ya taifa. Kwa mkoa wetu wa Maniema kilele cha ngazi hiyo ni AS Maniema Union ya Kindu. Klabu hiyo ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024-2025, ikapangwa na Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na AS FAR ya Rabat, na katika mechi ya kwanza ikatoka sare 0-0 kwa Sundowns kulekule Afrika ya Kusini. Ni jambo la kujivunia. Ila kutoka Kasongo hadi Kindu ni zaidi ya kilomita 200 za barabara ambayo wote tunaijua wakati wa mvua, na anayetoka Kabambare au Salamabila lazima kwanza afike Kasongo. Mtazamaji wa klabu hafungi safari hiyo kwa uvumi. Hufunga safari akiwa na jina, umri, nafasi ya uwanjani na mechi alizocheza kijana.

Na njia haiishii Kindu. Maxi Nzengeli alitoka Maniema Union mwaka 2023 akaenda Yanga ya Dar es Salaam, na watu wa Tanzania wanamjua hadi watoto. Fiston Mayele alitangulia, kutoka AS Vita Club hadi Yanga mwaka 2021, kisha Pyramids ya Misri, ambako alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2025. Soko la Dar es Salaam liko karibu nasi kuliko Ulaya, na kijana wa Kasongo ana faida ambayo mwenzake wa Kinshasa hana: atamwelewa kocha, daktari na mwenye nyumba tangu siku ya kwanza, kwa maana Kiswahili alinyonya na maziwa ya mama.

Sasa nifike kwenye kiini, nacho ni leseni, yaani karatasi ya usajili wa mchezaji katika klabu.

Kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji anapouzwa kabla ya mkataba wake kwisha, kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine, asilimia 5 ya bei hukatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12 hadi ule anaotimiza 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 una fungu la asilimia 0.25 ya bei. Kuanzia 16 hadi 23, asilimia 0.5. Tufanye hesabu pamoja. Kijana amelelewa na klabu ya Kasongo tangu miaka 12 hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 17, baadaye anauzwa kutoka Dar es Salaam kwenda Cairo kwa dola 500,000. Miaka minne ya mwanzo inaipa klabu ile dola 1,250 kila mmoja, jumla 5,000. Miaka miwili inayofuata, dola 2,500 kila mmoja, 5,000 nyingine. Dola 10,000 zinarudi Kasongo. Mbali na hizo kuna fidia ya malezi anaposaini mkataba wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu mjini Paris inayokusanya na kulipa fedha hizi, na inafuata kile kilichoandikwa katika pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya klabu zote alizosajiliwa.

Msimu usiosajiliwa haumo katika orodha hiyo. Na timu ya shule, hata ikishinda kila kombe la mkoa, si klabu iliyoandikishwa FECOFA, shirikisho letu la kandanda. Mtoto anayecheza shuleni tu tangu miaka 12 hadi 18, mbele ya kanuni hizi, hakulelewa na mtu yeyote. Jasho la mwalimu wa michezo linapotea, na klabu ya Lubumbashi au Kinshasa iliyompokea mwisho ndiyo inayoandikwa. Inaniuma sana, kwa sababu dawa yake ni karatasi moja: shule ifunge makubaliano na klabu ya mtaa, mtoto achezee zote mbili, na leseni yake iandikwe antanti kila msimu bila kuruka.

Leseni nayo inadai cheti cha kuzaliwa. Sheria yetu ya familia inatoa siku 90 kuandikisha mtoto bure. Zikipita, mzazi anahitaji hukumu ya mahakama, pamoja na gharama na safari zake. Wengi wa watoto wetu, hasa wa familia zilizokimbia mapigano huko Kabambare, hawana cheti. Ndipo tarehe inapotungwa siku ya usajili, na mwaka unaofuata inatungwa nyingine. Chancel Mbemba, nahodha wa Leopards, timu yetu ya taifa, aliwahi kusumbuliwa huko Ulaya kwa kuwa karatasi zake za zamani zilikuwa na tarehe tofauti za kuzaliwa. Yeye alikuwa na klabu kubwa nyuma yake na jambo likapita. Mtoto wa Wamaza hatakuwa na wa kumtetea. Kupunguza miaka kunampa ushindi wa msimu mmoja katika mashindano ya vijana, kisha kunamfungia kazi yote iliyobaki. Tangu 2009 mashindano ya FIFA ya chini ya miaka 17 hupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine.

Kuhusu mameneja, yaani mawakala wa wachezaji, nitakuwa mfupi. Kifungu cha 19 cha kanuni za uhamisho kinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa hali chache sana, kama wazazi kuhama kwa sababu zisizohusu mpira. Kwa hiyo mtu anayemwahidi mwanao wa miaka 15 timu ya Moroko, na anaomba fedha za viza, anakuibia. Tangu 2023 wakala wa kweli hufanya mtihani wa FIFA na jina lake liko katika orodha ya wazi. Mwombeni jina, mlitafute, na msisaini chochote siku hiyohiyo.

Masomo nayo yasiachwe. Kule Salamabila na Namoya dhahabu inavuta vijana kutoka madarasani kabla mpira haujawavuta, na nimesikia wazazi wakisema heri mpira kuliko shimo. Nawaelewa. Lakini mtoto aachiwe vyote viwili, mpira na diploma ya Serikali, kwa maana ile hesabu ya wawili katika mia ni ya nchi yenye viwanja, madaktari na kamera. Yetu haiwezi kuwa nyepesi kuliko hiyo. Wasichana pia wana njia: TP Mazembe ya wanawake ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2024, na CAF, shirikisho la kandanda la Afrika, ina mashindano ya shule kwa wavulana na wasichana wa chini ya miaka 15. Shule inayopanga timu ya wavulana peke yake inajipunguzia nusu ya nafasi zake.

Ninachoomba kwa semina hii ni kidogo. Kabla ya shule kufunguliwa Septemba, kila shule iliyowakilishwa hapa iwe na daftari moja linalotunzwa na prefe, mkuu wa shule, wala si na mwalimu anayeweza kuhamishwa kesho: jina la mchezaji, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti, namba ya leseni, klabu, na kila mechi aliyocheza, dakika na nafasi. Mechi mbili au tatu kwa mwaka zirekodiwe kwa simu, kutoka mahali palipoinuka, dakika zote 90, pasipo kukata mabao peke yake, kwa kuwa mtazamaji anataka kumwona kijana hata pale asipokuwa na mpira. Nakala moja ya daftari ibaki antanti ya Kasongo, nyingine ipelekwe ligi ya mkoa Kindu. Na wazazi ambao watoto wao hawana cheti waorodheshwe leo, kabla hatujatoka humu ukumbini, ili viongozi wa vilabu waombe kikao kimoja cha mahakama kwa ajili ya wote.